Nak Ni Mwanzo wa Jina

Kwenye kadi yangu ya mgao hapa Kakuma mimi ni Nyakong'o. Siyo. Mimi ni Nyakong. Karani aliyetupokea siku tulipofika kutoka Sudan alikuwa Mjaluo, na masikio yake yalisikia jina alilolizoea kwao. Baadaye Wajaluo wenzake waliniuliza kwa kicheko kama mama yangu alinizalia kilabuni, maana kwao kong'o ni pombe. Nikacheka nao. Mnyonge hana haki, nikajiambia, na siku hizo niliiamini methali hiyo. Majirani wananiita Mama Achan kwa jina la binti yangu, kwa hiyo jina langu mwenyewe lilikaa miaka bila kutumiwa na mtu.

Nimeanza na mimi, lakini habari hii ni ya Awoi.

Awoi binti Losike ni Mturkana wa Kanamkemer, pale Lodwar. Jina lake linatokana na ewoi, mgunga, mti unaobaki kijani hata lagga, mto wa msimu, ikikauka kabisa. Ana sauti ndogo na shingo ngumu. Alisomea kompyuta Eldoret, akarudi, akaajiriwa kutunza mashine katika chumba cha kompyuta hapa kambini, mahali ambapo mimi nafundisha kuchapa. Watu wa kwao walimuuliza kwa nini binti wa Turkana anawatumikia wakimbizi. Wakimbizi nao waliuliza kwa nini kazi ya kambi apewe mwenyeji. Aliwapa wote jibu moja: "Mashine haiulizi." Kisha akaendelea kupuliza vumbi kwenye kibodi.

Mwishoni mwa mwaka 2012 mashine zetu zilianza kuchanganya watu. Marial, mwanafunzi wetu mtu mzima mwenye ndevu zake, alikuwa ameandika barua ya kuomba nafasi ya chuo. Alipoifungua ili tuichape, ilianza vizuri: mimi Marial Dut, mzaliwa wa Bor, naomba kwa unyenyekevu. Halafu katikati ya unyenyekevu huo ikasema: Bwana umetukuka, sauti ya pili ianze chini, akina mama wasikimbie. Hizo zilikuwa nyimbo za kwaya ya Thon, aliyekuwa akitumia mashine ileile mchana. Chumba kizima kilicheka, mimi nikiwa wa kwanza. Marial hakucheka, maana siku ya mwisho ya kutuma barua ilikuwa karibu. Awoi naye hakucheka.

"Hii si makosa ya Thon," alisema. "Kuna mtu ndani anagawa kitu yenye iko na mwenyewe."

Huyo "mtu ndani" ndiye kernel. Nieleze kama nilivyoelezwa, mimi nisiyejua zaidi ya kuchapa. Kernel ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta, inayoamua nani aguse nini na wakati gani. Ndani yake kuna mfumo wa faili, unaojua maneno ya Marial yamekaa wapi na ya Thon wapi. Mashine zetu zilikuwa za msaada, kuukuu, zikitumia mfumo wa faili ambao wakubwa wa dunia wameuacha na wachache tu bado wanautengeneza. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiamuru mashine, uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma, na ukiona kasoro unaandika kiraka, unakituma kwenye orodha ya barua ambayo mafundi wote wanaisoma, wanakikagua mbele ya watu. Kikikubaliwa, kinaingia na jina lako juu yake, na dunia nzima inakitumia.

Awoi alisoma msimbo ule kwa siku nyingi, adhuhuri, wakati jua lilikuwa kali, betri zimejaa na wanafunzi wamelikimbia joto. Nilimletea chai. Siku moja akakiona alichokuwa akikitafuta, akaniita.

"Mama Achan, kuja uone mwongo."

Ilikuwa ni kipande kidogo cha msimbo. Kazi yake ilikuwa kukuonyesha mahali maneno ya faili yalipokaa. Kilikuwa na jina la Kiingereza, get, yaani pata. Sasa kwa watu wa kernel, pata si neno la kutupwa ovyo. Ukipata kitu, unahesabiwa kuwa mmoja wa wanaokitumia. Ukimaliza, unajitoa kwenye hesabu. Hesabu ikifika sifuri, kernel anajua kitu hicho hakina mtu, anampa mwingine. Lakini kipande hiki kiliitwa pata na hakikumhesabu mtu. Kilikuonyesha tu. Aliyelisoma jina aliliamini, na alipomaliza alitoa moja kwenye hesabu ambayo hakuwa ameongeza kitu. Moja hiyo ilikuwa ya Marial. Kernel akaona Marial hayupo, akampa Thon mahali pake.

Nilimwambia sijaelewa. Ndipo aliponipa habari ya mbuzi.

Baba yake, mzee Losike, alikuwa na rafiki huko Lokori, Lochakapong. Wanaume wa Turkana wakipendana huachiana mifugo. Mbuzi wa rafiki anakaa kwako, maziwa yake unakunywa, lakini ana mwenyewe, na hata njaa ikiuma hutamgusa kwa kisu. Siku moja Losike akiwa safarini, wageni walifika nyumbani. Mjomba wake Awoi alisimama zizini akauliza kuhusu mbuzi mmoja mweupe. Shangazi akamjibu kutoka ndani, "Huyo tulimpata kwa Lochakapong." Mjomba alisikia tulimpata, akanoa kisu. Urafiki wa wanaume wawili uliisha na supu ile. Lochakapong hakuja tena Lodwar, na alipofariki, Losike hakuitwa mazikoni.

"Shangazi hakudanganya," Awoi alisema. "Mjomba hakuiba. Ni ile neno. Angesema tuliazima, hiyo mbuzi ingekuwa hai."

Hapo nilielewa msimbo wote wa kernel, au nilidhani hivyo, na niliona kwa nini macho yake yalikuwa mekundu namna ile.

Angeweza kurekebisha mahali pale pamoja tu palipomuumiza Marial, akanyamaza. Alipofuatilia historia ya msimbo aliona mafundi watatu kabla yake walifanya hivyohivyo, kila mmoja akakuta kosa lilelile mahali pengine, akaliziba pake, akaandika kwamba aliyeita kipande hicho alikosea. Jina wakaliacha. Awoi alisema wanafunga watu vidonda na kisu bado kiko mezani. Basi akaandika kiraka cha kuziba kosa na kubadilisha jina kila mahali lilipotajwa. Juu yake aliandika maelezo yanayoanza hivi: Jina hili linadanganya. Jina jipya akaliita lend.

Akatuma. Jibu lilipokuja tulilisoma tukiwa tumesimama.

Aliyejibu ni mtunzaji wa sehemu ile, mzungu wa mbali ambaye hatujui sura yake. Sisi tulimpa jina la Mzee wa Hapana. Mwanzoni kabisa aliandika herufi tatu: NAK. Awoi alinieleza kwamba hiyo ni lugha ya mafundi, maana yake nimekataa. Chini yake kulikuwa na sababu. Kubadilisha majina ni kelele. Watu wamelizoea jina la zamani. Litawasumbua wote wanaofanya kazi hapo. Na zaidi, aliuliza, hii lend ni nini? Nani anamkopesha nani?

Awoi alishika kichwa. "Hapo amenipata."

Alikuwa amewaza kwa Kiswahili akaandika kwa Kiingereza. Sisi tunasema niazime kalamu, na tunasema nimeazima kalamu, neno moja linamtosha anayetoa na anayechukua. Kiingereza hakina ukarimu huo. Lend ni ya mwenye mbuzi, borrow ni ya aliyeachiwa, na anayekiita kile kipande ni aliyeachiwa. Awoi alikuwa amebadilisha jina la uongo akaweka jina lililogeuka mgongo.

"Hapo ana haki," alisema. "Hapo tu."

"Lakini amekataa," nikasema. "Ameandika Nak."

Awoi aliitazama ile NAK, kisha akaanza kucheka polepole. "Mama Achan, hesabu vijiji. Nakwamekwi. Nakalale. Nakwamoru. Nusu ya Turkana inaanza na Nak. Huyu mzee hajakataa. Ameandika mwanzo wa jina, hajamaliza."

Kuanzia siku hiyo neno hilo likawa letu. Maji yakikosekana kwenye bomba, Nak. Gesi ikiisha, Nak. Maana yake ilikuwa: bado hatujamaliza.

Alituma kiraka cha pili, chenye borrow, akakiri kosa lake la lend kwa mstari mmoja bila kujidhalilisha. Hapo ndipo Mratibu wa kituo chetu alipopata habari, kwa kuwa Awoi alitumia anwani ya kituo. Mratibu ni mtu wa kusini mwa nchi, mpole mpaka aogope, na alikuwa ameogopa.

"Awoi, unabishana na watu wenye walitengeneza hii kitu?"

"Sibishani na watu. Nabishana na jina."

"Wafadhili wanasoma hizo barua. Unataka waseme Kakuma tunaleta fujo? Internet hapa ni ya masomo. Kutoka leo hiyo mambo ya orodha sitaki kuiona."

"Sawa," Awoi alisema, na niliijua ile sawa. Akafungua anwani yake mwenyewe. Tangu hapo, kila alipokwenda nyumbani mwisho wa juma, aliingia saiba, duka la intaneti mjini Lodwar.

Mara moja nilikuwa naye. Nilikuwa nimepata kibali cha kumpeleka Achan hospitali ya macho, kibali kilichoandikwa Nyakong'o, na askari wa kizuizi cha barabarani alilisoma kwa sauti akatabasamu. Baada ya hospitali nilimkuta Awoi saiba, feni ikizungusha joto lilelile. Nje yalipita magari makubwa meupe ya watu wa mafuta. Mwaka ule walikuwa wamepata mafuta Turkana na kisima chao wakakiita Ngamia. Sijui ni mwenye ngamia gani aliyeulizwa.

Kwenye skrini kulikuwa na barua ya bwana mwingine wa orodha ile, mwenye adabu nyingi. Alisema ameona wazo la Awoi, ni zuri, na kwa bahati yeye anaandaa usafi mkubwa wa msimbo huo. Atalichukua badiliko lake aliingize kwenye kazi yake mwenyewe, Mzee wa Hapana anamjua na hatamkatalia. Awoi asijisumbue tena. Jina lake litatajwa chini, kama mtu aliyeleta taarifa. Na akaliandika tayari, ili Awoi aone: taarifa imeletwa na Awol Losike.

Nilicheka mpaka mwenye saiba akageuka. "Awol ni jina la kwetu! Amekufanya Mdinka! Karibu nyumbani, ndugu yangu!"

Awoi aliweka kidole kwenye ile l ya mwisho. Nikaona kicheko changu kimekosa pa kukaa, nikajaribu busara.

"Wewe Awoi, kubali tu. Dawa iingie, Marial apone. Jina ni nini?"

Alinigeukia. "Wewe ulikubali ukaitwa Nyakong'o. Imekusaidia nini?"

Nilikasirika. Nisiseme uongo, nilikasirika sana, nikamchukua Achan mkono nikatoka hadi kwenye jua. Msichana mdogo kwangu kiumri, ananiambia hivyo mbele ya watu! Nilitembea mpaka duka la pili na hasira ikapata kiu, nikanunua soda. Nilipokuwa naimeza niliona jambo lililoniudhi kuliko yote: alikuwa amesema kweli. Miaka yote hiyo jina lile halikunisaidia hata siku moja. Lilimsaidia karani tu, asiandike mara ya pili.

Nikarudi. Nikavuta kiti. "Haya," nikasema, "andika. Na tahajia nitaikagua mimi, ndiyo kazi yangu."

Tuliandika pamoja, yeye akitunga, mimi nikiwinda makosa. Bwana mwenye adabu alijibiwa kwa adabu. Alishukuriwa. Kisha: kiraka hiki kinahusu jina moja lililokosewa, tafadhali tusiyafanye mawili. Mimi ni Awoi. Sikuleta taarifa, nimefanya kazi. Kikivunja kitu, mimi ndiye nitakayelaumiwa, kwa hiyo kikae kwenye jina langu.

Mzee wa Hapana alijibiwa peke yake. Awoi alimwekea yale marekebisho matatu ya zamani, moja baada ya jingine, pamoja na la kwake. Akaandika: kila mara mmesema msomaji alikosea. Wasomaji wanne wamepotea kwenye kibao kimoja cha njia. Umesema watu wamelizoea jina hili, na ni kweli, wamezoea kupotea. Umesema jina jipya litawasumbua wanaotumia la zamani. Nakusudia liwasumbue. Msimbo wao utagoma kujengwa, watafungua waangalie, na ndipo watakapojua walikuwa wanachinja mbuzi wa mtu.

"Hiyo ya mbuzi toa," nikamwambia. "Hawataelewa."

"Wataelewa. Na wasipoelewa, wataniuliza."

Akabonyeza kutuma.

Majuma yakapita bila barua. Uchaguzi wa 2013 ulikuja ukapita, kelele za vipaza sauti zikapita nazo. Marial aliandika barua yake upya kwa kalamu, akaituma, akaapa hatagusa tena mashine zetu mpaka Awoi amwambie zimepona. Wanafunzi wengine wakaanza kumfuata yeye. Mratibu aliviona viti vitupu akaniambia, mimi badala ya Awoi, kwamba kama mtu angekubali msaada aliopewa mambo haya yangekuwa yameisha. Nikamwambia Nak. Hakuelewa, akaenda zake.

Jibu lilipokuja Awoi alinipigia simu kutoka Lodwar, nikasikia feni ya saiba nyuma yake.

"Mzee ameandika."

"Nak?"

"Hapana. Sikiza." Akanisomea akitafsiri. Mzee wa Hapana aliandika kwamba hapendi viraka vya majina na hataanza kuvipenda leo. Lakini amehesabu mwenyewe, na kuna mahali pengine ambapo Awoi hakupaona, penye kosa lilelile. Mahali hapo alipaandika yeye. Jina jipya ni bora. Ila kiraka kigawanywe viwili: kwanza dawa, peke yake, ili watu waliobaki na kernel ya zamani waweze kuichukua bila jina, kisha jina. Kuhusu mbuzi, maneno hayo yabaki.

Nilimuuliza Awoi kama atakubali kukigawanya, nikidhani ile shingo itakataa.

"Hiyo ni neno ya fundi," alisema. "Hiyo nakubali saa hii." Na alikubali saa hiyo.

Viliingia vyote viwili, na juu ya kila kimoja palisomeka Awoi Losike, kwa i yenye nukta. Bwana mwenye adabu aliomba radhi kwa jina alilokosea, akaongeza lake chini, kama mkaguzi. Awoi aliziwekea mashine zetu kernel mpya, akamwita Marial, wakampa Thon mashine ileile aandike nyimbo zake zote za Pasaka. Barua ya Marial ilibaki ya Marial mpaka mwisho. Akina mama hawakukimbia ndani yake.

Mratibu aliitisha mkutano. Alisema kituo chetu kimechangia kwenye teknolojia ya dunia, akapiga makofi ili tupige.

"Samahani," Awoi alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Si kituo. Kituo ilinifungia internet. Ni mimi."

Makofi yalikatika, kisha yakaanza tena, safari hii upande wa wanafunzi. Sijawahi kupiga makofi mpaka viganja vikaniuma namna ile.

Mwaka huohuo palitangazwa ukaguzi wa kadi za mgao. Nilipanga foleni na kina mama wenzangu kwenye upepo wa vumbi mpaka nikafika mezani. Karani alikuwa kijana nadhifu. Akaniuliza kama kuna badiliko lolote kwenye familia. Nikasema lipo, jina langu.

"Sababu ya kubadilisha?"

"Jina hili linadanganya."

Aliinua macho, akatazama kadi, akanitazama mimi. Hakuwa mtu mbaya. "Mama, hii ni herufi moja tu hapa mwisho. Watu wameshazoea. Nikigusa, itasumbua rekodi zote."

Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia, kutoka kwa mkubwa kuliko yeye. Foleni nyuma yangu ilianza kunung'unika. Nikavuta kile kiti cha wageni ambacho hakikaliwi na mtu, nikakaa.

"Isumbue," nikasema.

"Mama, nimesema hapana."

"Nimesikia. Hapana yako hapa Turkana tunaiita Nak, na Nak ni mwanzo tu wa jina. Sasa tumalizie. Shika kalamu."

Sijui ni foleni iliyomshinda au ni mimi. Alishika kalamu. Nilimtajia herufi moja moja, polepole, kama ninavyowatajia wanafunzi wangu, naye akaandika, na tulipofika G nikaushika mkono wake usiongeze kitu.